Nimetoka Vietnam na begi mgongoni, sasa kazi haishikiki. Nirudi au nitulie?

Begi Jekundu (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Mwenzenu nimerudi juzijuzi kutoka Vietnam. Nilianzia Hanoi nikashuka hadi Ho Chi Minh kule kusini, begi mgongoni, kulala mabweni ya bei poa. Tangu nirudi, ofisini nipo mwili tu. Nikifumba macho naiona Ha Giang, mlima wa Ma Pi Leng, mto Nho Que kijani kabisa kule chini, na mimi nimepakiwa nyuma ya pikipiki ya kijana wa Kihmong, kabila la kule milimani, asiyejua kupunguza mwendo kwenye kona. Asubuhi unakaa kwenye kiti kidogo cha plastiki kando ya barabara, unaletewa bakuli la pho, supu yao ya tambi, kwa dong elfu hamsini, kama elfu tano yetu hivi. Halafu treni ya usiku kuelekea kusini, nikashuka Hoi An, mtaa mzima taa za hariri.

Sasa swali. Hanoi niliona shule za lugha zinatafuta walimu wa Kiingereza. Niache kazi nirudi, au nitulie? Ushauri wa kujenga tafadhali. Nawasilisha.

Mzee wa Napita
Siti ya mbele. Karanga ninazo.

Mama Wawili
Mwanangu, kazi unayo, halafu unataka kuiacha kwa sababu ya supu ya barabarani? Supu hata Kariakoo ipo.

Dereva Mstaafu
Umenikumbusha Guangzhou, China, 2009. Nilifuata simu, nikapotea stesheni usiku, sijui neno hata moja. Mama mmoja akanishika mkono mpaka hotelini, hela akakataa. Siku hizi watu wa hivyo wapo? Hata hapa Tanzania zamani mgeni alikuwa anakaribishwa mpaka chumbani.

Begi Jekundu
Asante mzee, lakini swali langu je?

Korosho Ghafi
Nijibu mimi. Kufundisha kule kisheria unahitaji kibali cha kazi. Wanataka shahada, cheti cha kufundisha Kiingereza, na hati ya polisi kwamba huna rekodi ya uhalifu, vyote vithibitishwe kabla hujaondoka. Ubalozi wao upo Dar, ukaanzie hapo. Ujue pia shule nyingi zinatanguliza wenye pasi za Uingereza na Marekani hata kama Kiingereza chao ni cha kuokoteza. Usiingie kwa viza ya utalii ukafundishe kimyakimya, ukikamatwa ni faini na kurudishwa. Una shahada?

Begi Jekundu
Ninayo. Ya ugavi.

Kijana wa Mbagala
Ukiwapenda sana Wavietnam si uombe kazi Halotel? Ni ya Viettel, kampuni ya simu ya Vietnam, wako hapa tangu 2015. Nauli yako daladala tu 😂

Shangazi Mkali
Mimi nina swali moja. Mshahara wa ofisini tunaujua. Tiketi, mabweni, treni, pikipiki za milimani. Hela ilitoka wapi?

Begi Jekundu
Akiba, shangazi.

Shangazi Mkali
Akiba ya nini? Jibu vizuri, sisi si watoto.

Begi Jekundu
Sawa. Nilikuwa nioe Desemba. Kamati ilishakusanya michango, nyingine ikatumwa kwenye simu yangu. Mchumba akafiwa na babu yake, harusi ikasogezwa mbele. Hela ikawa imekaa tu. Lakini naomba tuelewane: nilichangiwa MIMI. Na harusi haijafutwa. Nikipata kazi kule nitairudisha kwa miezi michache, nimeshapiga hesabu.

Mzee wa Napita
Karanga zimeisha, naagiza mishikaki.

Mama Wawili
Yesu wangu. Na mchumba anajua ulikuwa wapi?

Begi Jekundu
Anajua nilikuwa Dodoma kwenye semina.

Mama Wawili
Basi usiniite mama tena kwenye uzi huu.

Begi Jekundu
Sijakuita.

Kijana wa Mbagala
Watu walichanga wakiwaza pilau, wewe umekula tambi. Kadi za "double" zilishatoka? Mimi huwa nachangia nikihesabu kuku.

Korosho Ghafi
Wakuu, subirini. Mimi Vietnam naijua, nimekwenda Binh Phuoc kwenye viwanda vinavyobangua korosho zetu za Mtwara. Nimerudi kusoma juu. Mleta uzi ameandika alishuka treni Hoi An. Hoi An haina stesheni! Unashuka Da Nang, unatafuta gari, kama kilomita thelathini. Hii ni chai, wakuu. Jamaa ametazama video akaja kutunywesha.

Dereva Mstaafu
Hata mimi nilishangaa, semina ya Dodoma ikawaje ndefu hivyo.

Kijana wa Mbagala
Chai ya rangi, tena haina sukari. Moderata funga uzi.

Begi Jekundu
Nimefupisha maelezo! Nilishuka Da Nang, nikapanda gari dogo hadi Hoi An. Mtu akikwambia amekwenda Moshi kwa ndege unamwita mwongo kwa kuwa alitua KIA?

Korosho Ghafi
Ukitoka Hue kwenda Da Nang, treni inapita wapi?

Begi Jekundu
Inauzunguka mlima wa Hai Van kwa chini, bahari iko kushoto, inakwenda polepole mpaka unaona mawimbi yanavunjika kwenye mawe. Magari siku hizi yanapita kwenye handaki. Endelea kuuliza.

Korosho Ghafi
Hmm. Kushoto ni kweli.

Shangazi Mkali
Ya treni tuyaache. Iwe kweli au chai, rudisha hela ya watu kwanza, habari ya Hanoi tutaongea baadaye.

Begi Jekundu
Shangazi nimekusikia, ila tiketi nimeshalipia na hairudishwi. Korosho Ghafi, wewe unayeijua nchi: ile viza ya mtandaoni ya siku 90, nikiomba sasa nichague ya kuingia mara moja au mara nyingi?