Tamthilia ya polisi imeondolewa katika eneo letu pekee: tumlalamikie nani?

Shahidi wa Pili (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajamvi, naomba ushauri wenu kuhusu jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, lakini nyumbani kwetu halijaisha kuzungumzwa. Kuna tamthilia ya polisi tuliyoifuatilia kwa miaka mingi, inayotolewa na mtandao wa televisheni wa taifa na kurushwa kupitia vituo vya maeneo. Msimu mpya ulipoanza, kituo cha eneo letu kiliamua kutoirusha. Maeneo mengine yote yanaendelea kuitazama siku ileile na saa ileile, ilhali sisi tumewekewa filamu za zamani ambazo kila mtu ameshaziona.

Msimu uliopita uliishia pabaya. Sajini wa zamu ya usiku, ambaye ndiye roho ya tamthilia nzima, alituhumiwa kuficha ushahidi, akaingizwa katika chumba cha mahojiano alichokuwa akiwahojia wengine, na tukaachwa tukiutazama mlango ukifungwa. Tulisubiri miezi kadhaa tujue yaliyofuata. Sasa wafanyakazi wenzangu walio katika tawi la eneo jirani wanayajua yote, na mmoja wao haachi kunidokezea kabla sijamwomba. Kituo chenyewe hakikutoa maelezo ya maana. Kiliandika mistari miwili chini ya ratiba, kwamba kimeamua kuongeza vipindi vya nyumbani.

Mimi ningeweza kuitafuta kwenye intaneti, lakini anayeumia zaidi ni mama yangu tunayeishi naye. Hatumii kompyuta wala simu ya kisasa, na katika rimoti anavijua vitufe vitatu tu: cha kuwashia, cha sauti na namba ya kituo hicho. Naomba mnisaidie kujua ni nani hasa wa kumlalamikia, kama malalamiko ya mtazamaji huwa yanabadilisha chochote, na kama ipo njia halali ya kumrudishia mama tamthilia yake bila kumfundisha mitambo mipya.

Wakili wa Jioni

Pole, ndugu Shahidi. Kabla hujaandika barua yoyote, hakikisha kwanza umejua uamuzi ulifanyika wapi, kwa sababu watu wengi humwaga hasira zao kwa watengenezaji wa tamthilia, ambao pengine wamechukizwa na uamuzi huo kuliko wao. Mtandao wa taifa hugharimia au hununua tamthilia, vituo vya maeneo huchangia gharama hizo kwa namna iliyoandikwa kwenye mikataba, na kila kituo hubaki na mamlaka fulani juu ya ratiba yake. Kituo kinapojitoa, aghalabu kimepiga hesabu kwamba mchango wake kwa vipindi vya mtandao ni mkubwa kuliko faida kinayoipata katika matangazo ya biashara, na kwamba filamu ya zamani itakigharimu kidogo zaidi.

Mfano unaofanana mno na wako ni wa Uingereza. Tamthilia ya polisi iitwayo The Bill, iliyoanza kama mfululizo mwaka 1984 na kusimulia maisha ya kituo cha polisi cha kubuni cha Sun Hill jijini London, ilikuwa ikionyeshwa nchi nzima kupitia ITV, mtandao wa televisheni wa kibiashara. Kumbuka kwamba ITV wakati huo haikuwa kampuni moja kila mahali: kati ya leseni 15 za maeneo, ITV plc ilimiliki 11, na nyingine zilikuwa mikononi mwa wengine, zikiwamo mbili za STV huko Uskoti. Mwaka 2009 The Bill ilipohamishiwa saa tatu usiku, STV iliacha kuirusha pamoja na tamthilia kadhaa za mtandao, kwa hoja kwamba fedha hizo ziende kwenye vipindi vya Uskoti. Kichekesho ni kwamba Waskoti wa kusini, ambao eneo lao lilihudumiwa na leseni ya Border iliyokuwa chini ya ITV, waliendelea kuitazama kama kawaida. Mpaka wa leseni ndio ulioamua nani ajue mwisho wa kisa, si mpaka wa nchi.

Mvutano huo uliishia kwa mawakili. ITV ilidai pauni milioni 38 kutoka kwa STV, na mwaka 2011 pande hizo mbili zikakubaliana kwa STV kulipa pauni milioni 18. Kufikia hapo The Bill yenyewe ilikuwa imeshazikwa, kwani sehemu yake ya mwisho ilirushwa Agosti 2010. Nayasema haya ili ufahamu kwamba nyuma ya mistari ile miwili uliyoisoma chini ya ratiba huenda kuna ugomvi wa fedha ambao hakuna atakayekueleza.

Kimyakimya

Kwa heshima zote, hii ni tamthilia tu. Askari hao ni waigizaji, na sajini huyo ameshalipwa mshahara wake. Zimeni televisheni mzungumze.

Bi Mkubwa wa Sebule

Kimyakimya, mwanangu, ushauri wako haukuombwa. Mtu akifuatilia kisa kwa miaka, kisha akanyimwa mwisho wake kwa sababu tu nyumba yake ipo upande huu wa mpaka na si ule, ana haki ya kuuliza. Mpira wa timu ya taifa ungekatwa katika eneo moja, hapa jamvini pasingelalika.

Shahidi, mwanangu, nakuuliza jambo moja. Je, una hakika kwamba imeondolewa, au imesogezwa tu hadi usiku wa manane? Sisi iliwahi kutupata hali hiyo: tulilalamika wiki nzima, kumbe ilikuwa ikirushwa saa ambayo ni wanga tu wanaokuwa macho. Kagua ratiba ya siku nzima, na siku zote saba, kabla hujaanza vita.

Shahidi wa Pili

Ahsante sana, Mama. Nimekagua ratiba ya wiki nzima na haimo hata usiku wa manane. Nilikwisha kuwaandikia kituo ujumbe mfupi, wakanijibu kwa maneno yaleyale ya kwenye ratiba, wakinishukuru kwa kuwa mtazamaji wao mwaminifu. Wakili, nimekuelewa vizuri, ila sasa umenikatisha tamaa kidogo. Nilikuwa nimesoma kwamba huko Marekani tamthilia ya Cagney & Lacey iliyohusu polisi iliwahi kufutwa na mtandao wa televisheni wa CBS mwaka 1983, watazamaji wakaandika barua kwa wingi, nayo ikarudi mwaka uliofuata. Nilidhani nasi tungeweza kufuata njia hiyo.

Wakili wa Jioni

Ilikuwa hivyo, na haikuwa siri kwamba barua hizo zilisaidia, pamoja na tuzo ya televisheni ya Emmy aliyoipata Tyne Daly, mmoja wa waigizaji wake wakuu, baada ya uamuzi wa kuifuta. Lakini angalia tofauti iliyopo: pale mtandao wenyewe ndio ulioifuta, kwa hiyo barua zote zilikuwa na anwani moja, na watazamaji wa nchi nzima walikuwa wameunganishwa na hasara moja. Ninyi ni watazamaji wa eneo moja. Mtandao utawajibu, tena kwa ukweli, kwamba wao bado wanaitoa tamthilia na kwamba mwulize aliyekataa kuipokea.

Mwanaratiba

Nimefanya kazi ya kupanga vipindi kwa muda mrefu, hivyo naomba niseme kinachotokea upande wa pili wa barua. Malalamiko husomwa, lakini husomwa kwa mafungu. Barua 100 zilizonakiliwa neno kwa neno kutoka kiolezo kimoja huhesabiwa kama kampeni, hupewa jibu moja, na jambo huishia hapo. Barua inayomfanya mpanga ratiba asimame na kuipeleka kwa mkuu wake ni ile ya mtu anayeeleza alikuwa akitazama nini kabla na baada ya tamthilia hiyo, na sasa anafanya nini katika saa hizo. Ukimwandikia kwamba familia yako ilikuwa ikibaki kwenye kituo chake tangu taarifa ya habari hadi mwisho wa tamthilia, na kwamba siku hizi mnahamia kwingine mara tu habari zinapokwisha, umemgusa penyewe, kwa maana saa za baada ya habari ndizo zinazouzwa kwa bei ya juu kwa wenye matangazo ya biashara. Usitukane, usitishie, na usiandike kurasa nne kuhusu uhusika wa sajini, hata kama unastahili kuandikwa. Huyo anayeisoma hakuichukia tamthilia yako. Ameiweka kwenye jedwali, akaiona ni namba.

Kuhusu kukata tamaa, nakupa kisa kinachotoa picha nyingine. Mwaka 1993 mtandao wa televisheni wa ABC wa Marekani ulianza kurusha NYPD Blue, tamthilia ya polisi iliyokuwa na lugha na maungo wazi kuliko ilivyozoeleka. Kabla haijaanza, makundi ya wanaharakati wa maadili yaliipinga vikali, na vituo washirika 57, yaani vituo vya maeneo vinavyorusha vipindi vya mtandao huo, vikakataa kuonyesha sehemu ya kwanza. Mjini Dallas kituo mshirika kilipoikataa, kituo kingine cha mji huohuo kiliichukua. Tamthilia ilipopata watazamaji wengi, vituo vingi vilivyoikataa vilibadili msimamo vyenyewe, nayo iliendelea hadi 2005. Hakuna aliyehubiriwa akatubu. Waliona majirani zao wakivuna. Kwa hiyo swali la kuliuliza katika eneo lenu ni kama kipo kituo kingine kinachoweza kuichukua tamthilia hiyo. Mtandao ulioitengeneza hupenda ionekane kila mahali, na ikiwa mkataba unaruhusu, barua inayouomba mtandao uiuze kwa kituo kingine ina nafasi nzuri kuliko inayomwomba mkaidi abadili nia.

Msimamizi wa leseni, yaani mamlaka inayosimamia vituo vya utangazaji, naye ana kazi yake, ingawa watu humtarajia makubwa kupita kiasi. Huangalia kama kituo kimetimiza masharti, kama vile kiasi cha habari na vipindi vya eneo kilichoahidiwa. Kwa kawaida hana uwezo wa kukiamuru kituo kirushe tamthilia fulani. Hata hivyo, ikiwa kituo kilisema fedha zinaenda kwenye vipindi vya nyumbani na mnachokiona ni filamu za zamani, hilo ni jambo la kuuliza rasmi.

Fundi Antena

Wenzangu wamezungumzia barua, mimi nitazungumzia paa la nyumba. Ndugu Shahidi, kama mnatumia dishi, huenda tamthilia hiyo inaishukia nyumba yenu kila wiki bila ninyi kujua. Miale ya setilaiti hufunika eneo kubwa, na mara nyingi matoleo ya maeneo yote ya kituo kimoja husafiri juu ya setilaiti ileile. King'amuzi huonyesha toleo la eneo lako kwa sababu ya msimbo wa eneo uliowekwa siku ya kukifunga. Ikiwa matoleo hayo hayajafungwa kwa malipo, unaweza kuliongeza toleo la jirani kwa mkono: ingia kwenye mipangilio, chagua kuongeza chaneli, weka masafa, kasi ya data (symbol rate) na mkao wa mawimbi (wima au mlalo) kama ilivyoandikwa kwenye orodha ya setilaiti hiyo, kisha hifadhi. Kwa vingi vya ving'amuzi unaweza pia kuipa chaneli hiyo namba unayoitaka, na hapo mama yako hatahitaji kujifunza kitu kipya.

Kama mnatumia antena ya kawaida, inategemea umbali. Ikiwa mpo karibu na mpaka wa eneo jirani, antena ya pili iliyoelekezwa kwenye mnara wao inaweza kutosha. Tazama antena za nyumba za upande ule zimelazwa au zimesimamishwa, nawe uiweke vivyo hivyo, maana ukiikosea utapata picha inayokatikakatika au usipate kabisa. Mlima ukiwa katikati, usipoteze fedha zako.

Njia ya kujifanya upo eneo jingine kwenye intaneti sikushauri kabla hujasoma masharti ya huduma husika, kwa sababu nyingi zinaikataza, na akaunti ikifungwa utakuwa huna pa kulalamika.

Shahidi wa Pili

Fundi, Mungu akubariki. Dishi tunalo, na jioni hii nimepanda kukagua waya, kisha nikaingia kwenye mipangilio. Nimepata matoleo matatu ya kituo hicho, na la eneo jirani linaonyesha vizuri bila malipo ya ziada. Bado ni kuihamisha namba tu. Hata hivyo barua nitaiandika, kwa sababu majirani zetu wengi hawana dishi. Mwanaratiba, naomba unijuze: ni wakati gani wa mwaka barua kama hiyo husaidia zaidi? Au niipeleke kesho?

Mwanaratiba

Usiipeleke kesho. Msimu unaoendelea umeshauzwa kwa wenye matangazo, na hakuna mpanga ratiba atakayeuvunja kwa barua moja. Subiri kituo kitakapoanza kutangaza vipindi vya msimu ujao, kisha hesabu nyuma miezi kadhaa kwa kutazama ratiba za mwaka uliopita. Hapo ndipo majadiliano ya kununua huwa yanaendelea na jedwali bado lina nafasi tupu. Wakati huohuo mtandao wa taifa uandikie mara moja, ukiuliza kama haki za kuonyesha tamthilia hiyo katika eneo lenu ziko wazi kwa kituo kingine. Wakikujibu kwamba ziko wazi, lete jibu hapa, nasi tutakusaidia kuandika ile ya pili.