Mrejesho: yule mbawakawa niliyemuulizia

Niliuliza kama dume mmoja tu wa mbawakawa, asiyelingana na maelezo ya spishi yoyote ya jenasi yake, anatosha kutangazwa spishi mpya. Mkanishauri nisiharakishe: nimpasue, nimlinganishe na vielelezo vya makumbusho, nitafute wengine. Nawashukuru sana.

Nimepata madume wanne na majike wawili. Kiungo cha uzazi cha dume nilikichomoa, nikakilainisha kwenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, nikakitazama kwa hadubini. Moyo ulinidunda! Ncha yake imejikunja kama ndoana, ilhali ya jamaa zake wa karibu imenyooka. Kwa rangi na vinyweleo vya mgongoni usingewatofautisha kabisa.

Yule dume wa kwanza ndiye holotaipu, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi, ameshapata lebo yake nyekundu. Jina la Kilatini nililobuni halikupatana kwa jinsia ya kisarufi na jina la jenasi, nimerekebisha. Na aliyenikumbusha usajili wa ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya kisayansi ya wanyama, aliniokoa: tangu 2012 chapisho la kielektroniki lisilo na nakala ya karatasi linakubalika, ila bila usajili huo jina halihesabiki. Muswada uko kwa wahakiki. Sasa natafuta mabuu wake kwenye magogo yaliyooza.