Mrejesho: Marejeo ya makala yangu ya mikorosho
Wakuu habari za huko, huku Mtwara tupo. Ni mimi niliyewauliza kuhusu makala yangu ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, ile ambayo jarida walinirudishia kisa marejeo hayajafuata APA toleo la 7 (mtindo wa kuandika marejeo). Asanteni sana jamani! Nilimsikiliza aliyesema niweke Zotero, ile programu ya kupanga marejeo, nikawa nabandika DOI tu (namba ya utambulisho ya makala) kwenye kile kialama cha fimbo, taarifa zinajijaza zenyewe. Ila ripoti za zamani zisizo na DOI nimezichapa kwa mkono siku mbili nzima, na Wizara ya Kilimo ikawa inatoka "Kilimo, W. ya" kama jina la mtu, mpaka nilipoliweka jina lote kwenye kisanduku kimoja ndo ikakaa sawa. Ripoti moja nimeitoa, mwandishi hajulikani mwaka haupo. Juzi jarida wameipokea makala, iko kwa wahakiki.