Naomba ushauri: nitawatoaje washkaji baa bila kuonekana bahili?

Wakuu, habari za jioni. Mimi na washkaji zangu wanne tunakutana kila Ijumaa Sinza. Inaanza na "moja tu", mara kitimoto kilo mbili, mara zamu yangu ya kuagiza imefika. Ijumaa iliyopita nilirudi kwa miguu, mfukoni jero, na kodi sijalipa.

Nikawaambia Jumapili twende Coco, tule mihogo ya pilipili, tupige stori huku upepo wa bahari ukitupuliza. Wakacheka, eti nimeoa kimya kimya?

Kuwakwepa sitaki, ndio waliosimama nami kwenye msiba wa baba. Mimi kahawa, kashata na drafti kijiweni vinanitosha kabisa. Aliyewahi kuhamisha kundi zima kutoka baa, alianzaje?