Ndege nzima inagongaje mlima?

MamaRubani, Buruburu
Hamjambo. Kijana wangu yuko mafunzoni jeshi la anga. Juzi nimesoma habari za ile Hercules, ndege ya mizigo ya jeshi la Norwe, iliyogonga mlima Uswidi, Machi 2012, wakati wa zoezi la Cold Response. Watano, hakupona mtu. Namuuliza kijana, ananijibu, "Hali ya hewa, mama." Hilo si jibu. Mlima haukuwafuata. Mwenye kujua anieleze.

Fundi Mstaafu, Lang'ata
Mama, pole kwa wasiwasi. Mimi nilikuwa fundi pale uwanja wa ndege wa Wilson, si rubani, lakini ripoti za ajali nazisoma kama wenzangu wanavyosoma kurasa za michezo.

Walitoka Evenes, Norwe, wakielekea Kiruna, Uswidi. Upepo mkali, mawingu yamefunika Kebnekaise, ndio mlima wenyewe. Waongozaji wa ndege wakawaruhusu washuke hadi usawa wa futi 7,000. Kilele hicho kina karibu futi 6,900! Isitoshe, usawa huo husomwa kwa kipimo kimoja cha kanieneo ya hewa, cha dunia nzima. Kanieneo halisi ikiwa chini ya hapo, nawe uko chini kuliko saa ya kupima urefu inavyokuonyesha. Waligonga ukuta wa mlima kwenye futi 6,600 hivi. Walikuwa nje ya anga inayoongozwa, na huko kukwepa mlima ni juu ya rubani mwenyewe.

Kinachoniudhi ni kile chombo cha kuonya kuhusu ardhi. Ramani yake iliishia latitudo 60 kaskazini. Kebnekaise iko karibu 68. Nani alikipitisha hicho kifanye kazi kule?

Mpanda Sirimon
Agosti mwaka huohuo, helikopta tatu za kivita za Uganda, Mi-24, zilianguka Mlima Kenya zikielekea Somalia. Mlima una mita 5,199, na helikopta hizo hazina nguvu za kupita juu yake. Ukipanda pale, alfajiri unaona vilele vyote. Mchana mawingu yakishapanda huoni hata mwenzako aliye mbele.

MamaRubani
Asanteni. Sasa nimuulize nini huyu mtoto?

Fundi Mstaafu
Muulize, kwa safari yake ijayo, urefu wa chini kabisa ulio salama ni futi ngapi, na mlima gani umeuweka hapo. Akikwambia mwalimu ndiye anajua, mpigie tena kesho umuulize upya.