Naomba ushauri: gemu za kikubwa za kuuza nje, sheria za Bongo zinanigusa?

Wakuu habari zenu. Nipo Mbagala, natengeneza gemu za hadithi kwa Ren'Py (programu ya kuundia gemu za aina hiyo), wahusika nawaunda mwenyewe kwenye Blender (programu ya michoro ya 3D). Mpaka sasa zimeniingizia hela ya bando tu. Juzi mteja wa Ujerumani kaniambia nikiweka matukio ya kikubwa, wahusika wote watu wazima, atanipa dola 300 kwa mwezi. Tangu hapo usingizi wa mang'amung'amu.

Nimeisoma Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kifungu cha 14, kuchapisha ponografia kwa kompyuta: faini isiyopungua milioni 20, au jela isiyopungua miaka 7, au vyote. Hilo neno "isiyopungua" ndilo limenimaliza nguvu.

Sasa, katuni isiyo na mtu halisi nayo inahesabika? Nikizuia gemu isifunguke Tanzania, bado nimechapisha, maana kompyuta ipo mezani kwangu? Na benki wakiuliza chanzo cha dola, au TRA wakitaka kujua biashara yangu, nawajibu nini? Rafiki kaniambia nitumie jina bandia. Naona ni kujificha nyuma ya kidole, hela inaingia kwa jina langu la NIDA.

Soko lenyewe halina uhakika: Julai 2025 Steam na itch.io, masoko ya gemu mtandaoni, yalizibana: Steam waliondoa baadhi ya gemu hizi na itch.io wakazificha nyingi, kwa presha ya kampuni za malipo.

Wanasheria nisaidieni, Ijumaa natakiwa nimjibu. Mama mwenye nyumba anajua nachora katuni za watoto.