Ukirekodia sauti nyumbani, unalipisha kwa dakika ama kwa matumizi?

sauti_mamboleo:
Habari zenu wadau. Niko Kisumu, nimerekodi sauti kwa nyumba sasa mwaka na nusu. Studio ni chumba cha kulala, nimetundika blanketi mbili nzito ukutani na godoro limesimama nyuma yangu. Shida yangu ni bei. Nimekuwa nikilipisha 1,000 kwa dakika, nikaona ni sawa, alafu kuna ofisi ilinipa tangazo la sekunde 30 wakanilipa 1,500 nikashukuru. Wiki jana niko kwa matatu natoka Kondele nasikia sauti yangu redioni, jioni tena kwa stesheni nyingine. Kupiga simu naambiwa "si ulishalipwa madam". Na kweli hatukuandikiana kitu. Sasa kuna mwingine anataka nisome mafunzo ya wakulima, dakika 40 hivi, anasema kwa vile sina studio ya ukweli nimpunguzie. Nyinyi mnapanga bei aje? Nikipandisha si watahama?

fundi_lanet:
Pole sana dada, hiyo ya redio imetupata wengi. Tangazo usilipime kwa dakika hata siku moja, sekunde 30 ni maneno kama sitini tu, ukihesabu hivyo unauza kitu kikubwa kwa bei ya kusoma barua. Mi nikiwa hapa Nakuru natenganisha pesa mbili. Ya kwanza ni ya kurekodi, hiyo kwangu haishuki chini ya 5,000 hata kama ni sentensi moja, kwa sababu kuandaa chumba na kusafisha sauti ni kazi ile ile. Ya pili ni ya kutumia hiyo sauti: wapi, kwa muda gani, eneo gani. Kaunti moja miezi 3 si sawa na nchi nzima mwaka mzima, na wakitaka kuweka kwa TV ama kulipia Facebook hiyo inaongezwa juu. Muda ukiisha wanalipa upya ama wanatoa. Mtu akisema anataka milele muulize kwanza ataitumia wapi, mara nyingi utakuta anahitaji miezi 6 tu. Hao wa kwanza waandikie kwa upole, waambie 1,500 ilikuwa ya kurekodi na unaomba mkubaliane kuhusu redio. Wanaweza kataa, lakini waandikie.

mwalimu_kk:
Mimi niko Kakamega na nafanya sana hizi ndefu, kwa hivyo niongee juu ya wakulima. Dakika 40 si dakika 40. Saa moja ya sauti safi inanimaliza kama saa tano: kusoma, kurudia pale ulimi umeteleza, kusikiliza yote tena na skripti mkononi, kukata pumzi na milio ya mate, kupanga mafaili. Na siwezi kurekodi muda wowote, mvua ya mchana ikianza kugonga mabati hapa hakuna kazi tena, so naamka saa kumi usiku kabla boda hazijaanza. Weka hizo saa zote kwa bei.

Kingine, usikubali kuhesabiwa maneno kabla ya kuona skripti. Ya wakulima imejaa namba. 2025 kwa karatasi ni kitu kimoja lakini mdomoni ni elfu mbili ishirini na tano, maneno matano, bado hujafika kwa kilo za mbolea na majina ya dawa. Mimi huandika namba zote kwa maneno ndio nahesabu.

Na hiyo ya studio ya ukweli isikutishe. Rekodi sekunde kumi za kimya humo chumbani, kelele ikikaa chini ya -60 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti kwa programu ya kurekodi) mtumie hiyo sampuli asikilize mwenyewe. Kama ni safi, hakuna sababu ya kupunguza.

hesabu_milimani:
Naongeza mawili. Kampuni ikikulipa 24,000 kwenda juu kwa mwezi kama malipo ya kitaalamu itakata 5% ya kodi ya zuio (inakatwa kabla pesa haijakufikia), panga bei ukijua hilo na uitishe cheti cha hiyo kodi. La pili, andika wazi kwamba sauti yako haitatumika kufundishia AI wala kutengenezewa nakala bila mkataba mwingine. Hii tafadhali usiiruke, sauti ikishaigwa huitwi tena kazini.

sauti_mamboleo:
Asanteni sana, nimesoma hii mara tatu. Wa wakulima nimemtumia bei ya 30,000, matumizi ni kufundishia tu, mwaka 1, na sampuli ya kimya. Swali moja, wakisema nirudie nalipisha?

mwalimu_kk:
Kosa likiwa lako rudia bure, hata mara tatu. Wakibadilisha maneno baada ya wewe kurekodi, hiyo ni kazi mpya na iandike kabla hujawasha maiki. Mimi niliwahi kurudia sura nzima kwa sababu walibadilisha jina la mbegu.